Sahani Shahidi

Mnusi alikohoa mara mbili, kisha akaanza kuvuta hewa.

Alikuwa amewekwa juu ya meza ya chakula, kati ya bakuli la karanga na miwani ya Mwalimu Chilewa. Alikuwa na ukubwa wa birika la chai la watu kumi, na shingo yake nyeupe ilielekea katikati ya sebule. Alivuta lita mia kwa dakika bila kelele zaidi ya mvumo mdogo, na kila kilichoelea ndani ya nyumba ile, vumbi, nyuzi za mto, chembe za ngozi, vijidudu visivyoonekana kwa macho, kilipita kooni mwake kikatua juu ya sahani ndogo yenye utelezi wa kuoteshea vijidudu.

"Pole," Mwalimu Chilewa alimwambia Mnusi.

Watu wote wa Mnara wa Nne walimpa Mnusi pole akikohoa. Ulianza kama utani, siku za mwanzo mashine ilipoletwa, ukageuka mazoea. Mafundi wenyewe walisema kile kikohozi ndicho hodi yake. Ukweli ni kwamba kabla ya kuvuta, Mnusi hupuliza kwanza pumzi mbili fupi kwenda nje, ili kusafisha vumbi lililoziba matundu ya koo. Hata akiwa amepumzika, alikohoa hivyo kila robo saa.

Sechelela, fundi wa hewa kwa mwaka wa sita, alisimama kando ya meza akiwa na barakoa usoni na kikombe cha chai mkononi. Hakuweza kukinywa, maana fundi haruhusiwi kuvua barakoa akiwa kazini, lakini Bi. Foibe, mke wa Mwalimu, alikuwa amekileta na kukikataa kungekuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo alikishika tu mpaka kikapoa.

Hii ilikuwa mara ya tatu kwa nyumba hii, na wote watatu walijua maana yake. Sahani ikiwa nyekundu, yaani imenasa kuvu ya kijivu, mara ya kwanza nyumba hupigwa dawa. Mara ya pili hupigwa dawa tena, na wenyewe hupewa barua ya onyo. Mara ya tatu wenye nyumba hushushwa Wadi ya Pumzi, chini ya ardhi, na mlango wao hutiwa lakiri. Bi. Foibe alikuwa ameshafunga begi lake. Lilikuwa pembeni ya kochi, na juu yake ameweka Biblia na dawa ya meno.

Zamani mtu aliyetaka kujua kilichomo hewani alilazimika kungoja siku nne au tano, vijidudu viote juu ya sahani ndipo vihesabiwe. Mnusi alisoma vinasaba vyao hapohapo. Alihitaji dakika kumi na moja.

Dakika ya tisa wekundu ulianzia ukingoni mwa sahani, ukatambaa taratibu mpaka katikati. Bi. Foibe alisimama akachukua begi lake bila kuambiwa.

"Mwanangu," Mwalimu Chilewa alisema, "nikuulize swali la darasa la nne?"

Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne, na mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Sechelela mwenyewe.

"Niulize, Mwalimu."

"Mlipokuja mara ya kwanza, mwezi wa tatu, kuna mtu alikuwa anakohoa humu ndani?"

"Sikumbuki, Mwalimu."

"Mimi nakumbuka. Hakuwepo. Mlipokuja mara ya pili, Foibe anakohoa. Leo tunakohoa wote wawili. Haya, niambie. Hiyo kuvu imetoka wapi?"

Sechelela alitoa jibu ambalo mafundi wote walifundishwa kulitoa. "Kuvu hutangulia, Mwalimu. Kikohozi hufuata."

Mwalimu Chilewa alimtazama kwa jicho lile alilowatazamia watoto waliokariri jedwali bila kujua kuzidisha. Kisha akavaa miwani yake, akafuatana na mkewe na wahudumu wawili wenye mavazi ya manjano hadi kwenye lifti. Mlango ulipofungwa nyuma yao, Sechelela alibaki na kikombe cha chai asijue akiweke wapi.

Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu vumbi jekundu liifunike Dodoma kwa miezi mitano mfululizo. Baada ya hapo watu waliacha kuishi chini. Walijengewa minara kumi na miwili isiyo na hata dirisha moja linalofunguka, kila mnara na watu elfu tisa. Hewa ilichujwa, ikapozwa, ikasukumwa vyumbani. Kila nyumba ilipewa chujio lake ili uchafu wa jirani usimfikie jirani. Makorido nayo yalipewa upepo mkali uliobadilisha hewa yote kila baada ya dakika tatu, hivyo kwamba hapakuwa na mahali pasafi kuliko korido katika mnara mzima. Nyumbani ni habari nyingine. Hewa ya nyumbani ilizunguka polepole, na kilichoingia humo kilikaa.

Ndiyo maana watu waliogopa kuvu ya kijivu kuliko walivyoogopa moto. Ilishika mapafu. Kikohozi cha mwanzo kilikuwa kikavu na kilipona chenyewe kwa wiki mbili tatu, mradi mgonjwa aache kuvuta mbegu mpya. Akiendelea kuzivuta, zilimjaa, kikohozi kikawa cha makohozi, na pumzi yake mwenyewe ikaanza kuzibeba mpaka kwa wenzake. Kwa miezi minane iliyopita nyumba arobaini na moja za Mnara wa Nne zilikuwa zimeshushwa wadi. Waliorudi walikuwa watu sita.

Idara ya Hewa ya Minara ilisema bila Wanusi hali ingekuwa mbaya zaidi. Watu waliamini. Sechelela naye aliamini, na aliifanya kazi yake kwa moyo mmoja, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko mengine yote.

Saa saba mchana alipanda ghorofa ya ishirini na saba, kwa mama yake, kama alivyofanya kila siku ya kazi. Kanuni ilikataza fundi kumwacha Mnusi popote mpaka amrudishe ofisini jioni, kwa hiyo alikuja naye begani.

"Mbukwa, mwanangu! Karibu. Na mgeni wako karibu."

Bi. Nyemo alikuwa mwanamke wa miaka sitini na nane, mfupi, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Alikuwa amemtengea Mnusi kiti chake maalumu, na juu ya kiti hicho ametandika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa sindano, chenye maua pembeni. Kila siku mashine iliketishwa hapo kama mkwe.

"Vua hilo libarakoa unywe chai."

"Mama, kanuni..."

"Kanuni iko kazini. Hapa kwa mama yako utanyweaje chai umeficha sura, kwani umeniibia nini?"

Sechelela alivua barakoa, kama alivyoivua kila siku. Walikula mlenda na ugali, wakazungumza habari za mchungaji mpya ambaye mahubiri yake yalimpa Bi. Nyemo usingizi. Hawakuzungumza habari ya kesho. Kesho, saa nne asubuhi, fundi mwenzake aitwaye Kedmoni angekuja kupima nyumba hii kwa mara ya tatu, maana fundi haruhusiwi kupima nyumba ya ndugu yake. Mara mbili zilizopita sahani zilikuwa nyekundu.

Kitini, Mnusi alikohoa.

"Pole, baba," Bi. Nyemo alimwambia, halafu yeye mwenyewe akakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi. Akanywa maji.

Sechelela aliweka tonge chini.

"Mama, hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Aa, si hewa yenu ya mabomba hii. Inakausha koo." Mama yake aliinuka kuondoa vyombo, akasimama kando ya kiti cha Mnusi na kusonya. "Ila hiki kidude chako kichafu, nakwambia. Tazama kilivyoniharibia kitambaa. Nimekifua mara tatu, hakitoki."

Akamwinua Mnusi kidogo ili binti yake aone. Kwenye kitambaa cheupe, pale hasa shingo ya Mnusi ilipokuwa ikielekea kila siku, kulikuwa na doa la kijivu la ukubwa wa kiganja. Katikati yake uzi ulikuwa na manyoya laini, yale yanayoota kwenye mkate uliosahauliwa kabatini.

Sechelela alilitazama doa lile mpaka mama yake akamuuliza kama chakula kimemkaa vibaya. Alijibu hapana. Alivaa barakoa yake, akakikunja kitambaa ndani ya mfuko wa sampuli, akasema atakwenda kukifua mwenyewe.

Ofisi ya mafundi ilikuwa ghorofa ya pili. Mzee Ndahani, mkuu wa mafundi, alikuwa peke yake akinywa uji wa ulezi mbele ya skrini. Ndiye aliyemfundisha Sechelela kazi. Na miezi minane iliyopita ndiye aliyebuni sponji ya unyevu, duara dogo linalokaa kooni mwa Mnusi na kulowanisha hewa inayopita, kwa sababu hewa kavu ya minara ilikuwa ikiwaua vijidudu kabla hawajasomwa na kuwapotezea mafundi majibu. Idara ilimpa cheti. Kilitundikwa ukutani nyuma yake.

Sechelela aliuweka mfuko mezani.

"Mzee, kila nyumba tukimaliza, tunalisafisha koo kwa mwanga wa kuua vijidudu. Mwanga huo unaingia ndani ya sponji?"

Ndahani aliutazama mfuko. Hakuugusa.

"Unapiga juu yake," alisema.

"Na ndani?"

"Ndani kuna giza. Na maji." Aliweka kikombe chini. "Hicho kitambaa umekitoa wapi?"

"Kwa mama. Anamtandikia Mnusi wangu. Mzee, kuvu haiko majumbani. Tunaipeleka sisi. Anakohoa, anaimwaga, halafu anaivuta tena na kutuambia ameikuta humo. Nyumba ya kwanza ilikuwa nyekundu wiki ya pili baada ya sponji. Nimeangalia tarehe."

"Haiwezekani. Kuna sahani shahidi."

Ni kweli ilikuwepo. Wataalamu wa kwanza wa kupima hewa hawakuwa wajinga. Walijua kwamba kifaa kinachotafuta uchafu chaweza chenyewe kuwa kichafu, wakaweka kanuni: kabla ya kuingia katika nyumba yoyote, fundi asimame nje ya mlango, kwenye hewa safi ya korido, afungue sahani ya ziada na kumwendesha Mnusi juu yake dakika mbili. Sahani hiyo ndiyo shahidi. Ikibaki nyeupe, Mnusi ni msafi na majibu ya ndani yanaaminika. Ikiwa nyekundu, kosa ni la Mnusi, na nyumba haina hatia.

"Mzee," Sechelela alisema, "ni lini mara ya mwisho wewe uliiendesha sahani shahidi mlangoni kwa mtu?"

Ndahani aligusa sikio lake. Jibu wote walilijua, na lilikuwa na historia. Mwaka wa kwanza wa kazi, Ndahani alisimama mlangoni kwa mama mmoja wa ghorofa ya tisa, kimya, bila kupiga hodi, kwa kuwa kanuni ilitaka mlango ubaki umefungwa mpaka sahani isomwe, ameinama na kisahani wazi mkononi. Yule mama alifungua, akamkuta hivyo. Mtu aliyejiinamia mlangoni kwako, hajakusalimia, ana kitu cha ajabu mkononi, utasema anafanya nini kama si kukutegea dawa? Alimmwagia uji wa moto. Majirani wakatoka. Kovu la siku ile lilikuwa bado kwenye sikio la Ndahani, na tangu hapo aliwafundisha vijana wake wote jambo moja: kwanza hodi, kwanza salamu. Sahani itakusamehe, watu hawatakusamehe.

Kwa hiyo sahani shahidi zilifunguliwa ofisini, asubuhi, zote kwa pamoja mezani, bila hata kuwekwa chini ya Mnusi. Zilibaki nyeupe, maana hakuna kilichopita juu yake. Fundi aliandika: shahidi, safi. Sechelela mwenyewe alikuwa ameandika hivyo zaidi ya mara elfu moja, kwa mwandiko mzuri, akijiona mtu mwenye heshima kwa sababu hakuwahi kumkosea mtu mlangoni kwake.

"Wadi," Ndahani alisema ghafla.

"Wadi ina nini?"

"Kule tunapima kila saa. Niliomba mimi. Wanusi mia moja na sita, kimoja kila kitanda." Alisema kimoja, hakusema mmoja. "Ili tujue wanaendeleaje."

Sechelela alimfikiria Mwalimu Chilewa akiwa kitandani, saa hiyohiyo, akisikia kikohozi pembeni ya sikio lake na kusema pole. Alitaka kulia, akaona hana haki hiyo.

"Wazime, Mzee. Sasa hivi."

"Siwezi. Wadi iko chini ya madaktari, na madaktari wanafuata sheria. Sheria inatengua majibu kwa kitu kimoja tu: sahani shahidi nyekundu, iliyoendeshwa mlangoni, saa ileile ya kupima. Mnusi akiisoma, anaituma kwenye skrini zote za Idara, hakuna anayeweza kuifuta. Hata mimi."

"Basi nitaiendesha kesho. Kwa mama. Saa nne."

"Huruhusiwi kupima nyumba ya ndugu yako."

"Sitaingia ndani. Kanuni inakataza kupima nyumba. Haikatazi kusimama mlangoni."

Ndahani aligeuka akakitazama cheti chake ukutani, kisha akageuza kiti akakipa mgongo. "Nitamwambia Kedmoni achelewe," alisema. "Nami nitakaa wadi, karibu na swichi kuu. Ikiwa nyekundu, sitasubiri daktari."

"Na ikiwa nyeupe?"

"Omba iwe nyeupe, mwanangu. Ikiwa nyeupe, nitakuwa mzee mwenye sikio bovu tu."

Lakini Sechelela hakuweza kuomba hivyo. Ikiwa nyeupe, Kedmoni angepiga hodi, sahani ya ndani ingekuwa nyekundu kwa mara ya tatu, na kabla ya saa sita mama yake angekuwa wadi. Ikiwa nyekundu, basi yeye, binti, ndiye aliyempelekea kuvu kila siku saa saba mchana na kuivulia barakoa. Hakukuwa na rangi ya kuombea.

Asubuhi, saa nne kasoro dakika tano, alisimama mbele ya mlango wa mama yake. Upepo wa korido ulimpiga miguuni. Alisikia redio ndani, na vijiko. Mama yake alikuwa akimwandalia Kedmoni chai.

Aliinama. Akamweka Mnusi sakafuni, kiasi cha hatua moja kutoka mlangoni, akaifungua sahani. Hakupiga hodi, na mwili wake wote ulikataa. Alijisikia mwizi. Miaka thelathini na mmoja ya maisha yake hakuwahi kufika kwenye mlango huu akakaa kimya.

Mlango wa pili ulifunguliwa. Mama Lea, jirani, alitoka na ndoo ya takataka, akasimama.

"Sechelela?" Akaitazama sahani, akamtazama binti aliyepiga magoti. Ndoo aliishika kwa mikono miwili. "Wewe! Unamfanyia nini mama yako?"

"Ingia ndani, Mama Lea. Funga mlango. Tafadhali."

"Mtoto wa kumzaa!" Mama Lea alisema kwa sauti ya kuwafikia wengine. "Mlangoni kwa mama yake mzazi!" Akaingia ndani na kufunga kwa kishindo.

Sechelela alibonyeza kitufe. Mnusi alikohoa mara mbili, akaanza kuvuta.

Ndani redio ilizimwa.

"Nani huyo? Kedmoni? Nimemsikia mgeni anakohoa. Pole, baba! Karibuni, nakuja kufungua."

Sechelela aliitazama sahani. Dakika mbili za kuvuta, halafu kusoma. Lakini Mnusi hakuhitaji hata kumaliza kusoma. Wekundu ulianza kabla dakika ya kwanza haijaisha, ukafunika sahani nzima kwa haraka ambayo hakuwahi kuiona katika nyumba yoyote. Hapa, kwenye hewa safi kuliko zote mnarani, ilikuwa nyekundu kuliko zote. Taa ya kutuma majibu iliwaka.

Nyayo za kandambili zilikuwa zinakaribia mlango.

Aliruka akakamata kitasa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamsukumia Mnusi ndani ya mfuko na kuuziba. Mlango ulivutwa kutoka ndani. Aliuvuta kwake.

"Kedmoni? Mlango umekwama."

"Ni mimi, Mama. Usifungue."

"Sechelela? Mbona hukubisha hodi?" Kitasa kilivutwa tena. Nguvu yenyewe ilikuwa ndogo, ndogo kuliko alivyotegemea, na hilo lilimtisha. "Fungua uingie, mwanangu. Nani anamwacha mtoto wake koridoni?"

"Mama, nisikilize. Ni Mnusi. Kuvu imo ndani yake, tumekuwa tukiwaletea sisi. Hiyo nyumba yako haina kosa. Nilikuwa nakuletea mimi, kila siku. Amekohoa hapa sasa hivi. Ngoja korido isafishwe, dakika tatu, halafu nitafungua mwenyewe. Dakika tatu tu."

Kitasa kikaachiwa. Kisha mama yake akauliza, kwa sauti ya chini, "Kile kitambaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Mwalimu Chilewa? Na Foibe?"

Simu ya Sechelela ilitetemeka mfukoni, akaitoa. Ulikuwa ujumbe wa Ndahani, maneno machache: *Nimezima wote. Kumetulia huku, Sechelela. Nilikuwa sijui kwamba wagonjwa wenyewe wanakohoa kidogo hivyo. Wengi hawakohoi kabisa tena.*

Aliusoma mara mbili ndipo akaelewa: vikohozi vya wadi vilikuwa vya mashine. Akairudisha simu mfukoni.

"Mama, hupelekwi wadi," alisema. "Majibu yako yametenguliwa. Hicho kikohozi chako kitapona, wiki mbili tatu, kwa sababu hutavuta nyingine. Unanisikia? Utapona."

"Nakusikia." Alisikia kiti kikiburutwa. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, upande wake. "Basi nangoja hizo dakika zako. Chai ipo. Leo hutaniambia habari za kanuni."

Sechelela aliegemeza paji la uso kwenye mlango akaanza kuhesabu. Upepo ulipita juu ya kichwa chake ukichukua kila kitu kwenda kwenye machujio. Dakika moja. Alifikiria kikombe, meza, kiti kile bila mashine juu yake. Angeiacha sare yake hapa nje, angeingia na gauni la ndani, angemkumbatia mama yake na kumwomba msamaha bila barakoa. Dakika mbili. Alishatoa mkono mmoja kwenye kitasa ili afungue vifungo vya sare.

Ndipo koo lilipomwasha.

Alimeza mate. Likawasha tena, chini zaidi, kifuani. Alikumbuka kwamba asubuhi alikunywa maji glasi tatu na hakujiuliza kwa nini. Alikumbuka miezi minane ya saa saba mchana, uso wazi, na kiti cha Mnusi kikiwa karibu naye kuliko kilivyokuwa karibu na mama. Alijiziba mdomo kwa kiwiko, akabana pumzi mpaka macho yakatoka machozi. Haikusaidia. Akakohoa. Hakikuwa kikavu.

Ndani, mama yake alijibu hapohapo, kwa sauti ileile ya kila siku.

"Pole, mwanangu."

Dakika tatu zilikuwa zimetimia. Sechelela alikishika kitasa kwa mikono yake yote miwili, akauvuta mlango kwake usifunguke.